Kabla ya mashine ya darizi, hesabu mashati

Ukikata mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Unguja, ukatokea Hurumzi, kila mlango umetundikwa fulana. Jahazi limepandisha tanga, mlango wa njumu za shaba, kasa, punda, na "Hakuna Matata" kwa kila rangi. Nina tabia ya kugeuza ukosi nisome lebo. Fulana yenyewe aghalabu imetoka Bangladesh, India au China, na hilo silishangai. Hata Ulaya wanavaa za huko huko. Kinachonikera ni ile picha. Muulize muuzaji imepigwa chapa wapi, mara nyingi atakutajia Dar es Salaam, Nairobi au China. Jahazi ni letu, mlango ni wetu, mgeni amekuja kwetu, na ujira wa mkono ulioichapa umebaki ng'ambo ya bahari.

Nenda na kwenye hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, uangalie vifua vya wahudumu. Nembo ya hoteli imedariziwa kwa uzi. Angalia skuli za binafsi, timu za mpira, vikundi vya maulidi, waongoza watalii, sare za maharusi. Watu wa kisiwa hiki wanavaa nembo kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Na bado kazi nyingi ya aina hiyo hufungwa kwenye viroba, ikapakiwa boti ya Dar, ikadariziwa Kariakoo, ikarudi baada ya wiki.

Kwa hiyo vijana wanaposema wanataka kununua mashine ya kudarizi au printa ya fulana, sioni kosa. Kazi hii inatakiwa ifanyike hapa Unguja. Ninachokipinga ni mpangilio wake. Wengi wanaanza na mashine, kisha ndio watafute fundi, kisha umeme, na mwisho kabisa mteja. Mimi nasema mashine iwe ya mwisho. Na wenye fedha za kugawa, iwe Serikali, wafadhili au wanasiasa, waache kugawa mashine wagawe oda.

Soko lilitangulia mtambo

Hili si jambo geni kwetu. Kanga yenyewe ilianza hivyo. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa hazijakatwa, wakaunganisha sita, tatu juu tatu chini, likawa vazi. Wafanyabiashara wakaona vazi linapendwa, ndipo wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa mtindo ule. Baadaye Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, tuliyemjua kwa jina la Abdulla, akatia maneno. Mtambo wa kuchapia uliwafuata wanawake waliokwisha kuamua wanataka kuvaa nini. Hakuna aliyenunua mtambo akakaa mlangoni kungoja mvaaji.

Na darizi ni kazi ya kwetu kwa muda mrefu. Ukosi wa kanzu, joho la kasabu, kofia ya viua. Hii ya mwisho nataka niiseme kidogo, maana ndiyo ya kwanza kumjia kijana akilini anapoona mashine ya kudarizi kwenye simu yake. Kofia ya viua hushonwa na kinamama majumbani, Unguja na Pemba. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, kila tundu dogo likatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka likakaza, kisha kichwa cha duara kikaunganishwa na ukingo wake. Mara nyingi kofia moja hupita mikono zaidi ya mmoja: huyu achora, yule ashona, mwengine aunganisha. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, na jamaa zetu wa Oman wanaijua thamani yake.

Leo sokoni Darajani zimejaa kofia za mashine kutoka nje, kwa bei ambayo mama wa Makunduchi hawezi hata kununulia uzi na kitambaa akabakiwa na kitu. Igeuze ndani nje uone tofauti. Ya mkono ni safi pande zote mbili, na kiua kinapitisha upepo. Ya mashine, upande wa ndani una nyuzi za kurukia kutoka ua hadi ua, na kichwa hutoka jasho saa tano asubuhi. Kijana wa hapa akinunua mashine moja ili ashindane na viwanda vya China kwa kofia, atashindwa kwa bei, na katika kushindwa kwake atakuwa amemvunja bei mama yake mwenyewe. Mashine yake aipeleke kwenye nembo na majina, kwenye kazi ambayo mkono hauna haja nayo.

Hesabu ya kifua kimoja

Nembo ya kawaida ya kifuani ina mishono kati ya 5,000 na 10,000. Muuzaji atakwambia mashine inakwenda mishono 1,000 kwa dakika. Ni kweli ikiwa mpya, uzi mzuri, na nembo haina kona. Kwa kazi ya kweli, mahesabu yafanye kwa 700. Nembo ya mishono 7,000 ni dakika kumi za sindano kupiga. Ongeza kulivua shati kwenye fremu, kulivisha jengine pamoja na kitambaa cha nyuma cha kushikilia, uzi kukatika, rangi kubadilika. Ukipata mashati matano kwa saa kwa mashine ya kichwa kimoja, umefanya kazi.

Sasa tufanye mfano. Mashine imekusimamia shilingi milioni 12 mpaka imeingia dukani. Kila nembo, ukitoa uzi, kitambaa cha nyuma, umeme na ujira, unabakiwa na shilingi 2,500. Utahitaji nembo 4,800 ndipo fedha yako irudi. Kwa nembo 30 kila siku, ni siku 160 za kazi. Biashara nzuri hiyo. Kwa nembo 30 kila wiki, ni wiki 160, yaani miaka mitatu na zaidi, na kabla hujafika huko mashine imekwisha kudai vipuri. Mashine ni ile ile na fundi ni yule yule. Kilichotofautisha riziki na deni ni idadi ya mashati.

Wangapi wameifanya hesabu hii kabla ya kutuma fedha? Nauliza kwa sababu ninaziona mashine zilizofunikwa kanga pembeni mwa vyumba vya wageni, Jang'ombe, Fuoni, Mwanakwerekwe. Wenyewe wanasema wanangoja oda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilitakiwa liandikwe kabla mali haijanunuliwa.

Jambo jengine linalofichwa ni la nembo kugeuzwa mishono. Mashine haisomi picha. Inasoma faili linaloiambia sindano iende wapi, lini ikate uzi, mshono ulale upande gani. Faili hilo hutengenezwa na mtu kwenye kompyuta, na mtu huyo akiwa mbovu, kitambaa hukunjika kuzunguka nembo na herufi ndogo hujaa hata jina lisisomeke. Ufundi huu ndio darizi yenyewe ya siku hizi. Atakayejifunza kutengeneza faili zuri anaweza kuishi kwa kazi hiyo bila ya kumiliki mashine hata moja, akiwatengenezea wenye mashine. Laiti vyuo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, vinavyofundisha ushoni, vingelitia somo hili leo kabla ya kesho.

Wino mweupe na masika

Wanaopendelea kuchapa kuliko kudarizi sasa wote wanazungumzia DTF. Printa huchapa picha kwenye karatasi ya plastiki, hunyunyiziwa unga wa gundi, hupashwa moto, kisha hubandikwa kwenye fulana kwa presi ya joto, nyuzi 150 hadi 160, kwa sekunde kumi na kitu. Inakubali pamba, inakubali poliesta, fulana nyeusi au nyeupe, hata moja tu. Ni teknolojia nzuri na sitaki kuibeza.

Lakini ina wino mweupe, na wino mweupe una chembe nzito zinazotuama. Lazima uzungushwe na printa ichape kila siku au karibu kila siku, ama sivyo chembe hizo huganda kwenye matundu ya kichwa cha printa, matundu ambayo jicho haliyaoni. Kichwa kikiziba vibaya hakizibuki. Hununuliwa kipya, na bei yake inauma. Sasa fikiria Aprili na Mei. Masika yameingia, baadhi ya hoteli za mashamba zimefunga, Gizenga imebaki paka na wenye maduka wakipiga soga. Mwenye printa amekaa wiki mbili hana oda. Watengenezaji wanataka chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na hewa ya Unguja wakati wa masika hupita 80, unga wa gundi ukashika mahali pasipotakiwa. Je, anayeuza printa Guangzhou au Dubai alimwambia hayo? Ataweza kuwasha kiyoyozi na kuchapa karatasi za bure kila asubuhi, kwa umeme wa tukuza, wa kulipia kabla, ili tu wino usigande?

Ndiyo maana nashauri kijana aanze na presi. Presi ya joto hugharimu malaki, si mamilioni. Karatasi zilizokwisha chapwa zinanunuliwa kwa mita kutoka kwa wachapaji wenye printa kubwa, naye akabandika hapa hapa, mbele ya mteja. Faida ni ndogo, na sehemu ya fedha bado inavuka bahari, lakini anajifunza soko bila kuliwa na wino. Siku akiona analipia karatasi fedha nyingi kila mwezi kuliko ambavyo printa ingemgharimu, hapo printa imejitetea yenyewe.

Na asiidharau skrini. Fremu ya mbao, kitambaa cha wavu, dawa ya kuchorea, wino na mpira wa kuvutia: vitu vinavyoingia kwenye gunia moja. Kwa oda ya fulana mia za rangi moja, skrini inaishinda printa kwa bei, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Fulana za uchaguzi, za mikutano, za mbio za skuli, zote ni kazi ya skrini. Ila za uchaguzi zije kama bahati. Uchaguzi ni mara moja kwa miaka mitano, na anayenunua mashine kwa ajili ya kampeni huikuta Novemba imekaa kimya.

Sublimesheni, njia nyengine ya kuchapa, ina mahali pake, kwenye jezi na vikombe. Haishiki pamba, inataka poliesta nyeupe au ya rangi nyepesi. Mtalii anayetembea juani Mji Mkongwe anataka pamba. Wauzaji wengi wa mashine hilo hawalisemi.

Chumvi, ngazi na waya wa baharini

Unguja inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara tangu 1980. Ulipokatika Mei 2008, tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Ulipoharibika tena Disemba 2009, tulikaa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mafundi wa charahani za miguu waliendelea kushona. Wenye mashine za umeme walinunua mafuta ya jenereta au walifunga. Waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani, ulizinduliwa 2013, na giza la namna ile halijarudi. Lakini umeme kupungua na kukatika kwa muda mfupi bado upo, na mashine ya darizi haipendi hilo. Ikizimika katikati ya nembo, ya kisasa inakumbuka ilipofikia, ila fremu ikisogea kidogo tu shati limeharibika, na shati la mteja unalilipa wewe. Stabilaiza na betri ya akiba ziingie kwenye bei ya mashine tangu siku ya kwanza.

Wanaotaka kuiweka mashine ndani ya Mji Mkongwe wafikirie mara mbili. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba: upana wake ni urefu wa boriti. Ukuta unatoa unyevu na vumbi la chokaa, na upepo wa bahari unaleta chumvi inayokula chuma cha sindano na bobini. Mashine ya vichwa vingi inaweza kuzidi nusu tani na hutikisa sakafu mchana kutwa. Tangu sehemu ya jumba la Beit-al-Ajaib ilipoanguka Disemba 25, 2020, sidhani kama kuna anayehitaji kukumbushwa jinsi majengo haya yalivyochoka. Duka liwe Mji Mkongwe, aliko mgeni. Mashine ikae mitaa ya Ng'ambo au nje zaidi, kwenye sakafu ya saruji na mlango ambao gari inafika.

Fimbo ya mbali

Kuna mashine za mkono wa pili zinazopitia Dubai, nyingine za Kijapani, imara kweli kweli. Tajima au Barudan iliyotunzwa inaweza kuishi kuliko mpya ya bei rahisi. Lakini za Japani baadhi ni za volti 100, na kwetu ni 230. Bila transfoma inayofaa, siku ya kuwasha ndiyo siku ya kuunguza. Kadi ya kompyuta ya mashine ya zamani ikifa, huenda haitengenezwi tena. Na fundi yuko wapi? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mashine ambayo fundi wake yuko Dubai na anaonekana kwa video ya simu, sindano ikigonga bamba Ijumaa mchana na mashati ya harusi yanatakiwa Jumapili, imeshakuaibisha.

Kigezo changu cha kwanza katika kuchagua ni hiki: ni aina gani ya mashine iliyokwisha kuwapo Unguja au Dar, yenye mtu anayeifungua na kuifunga? Nunua hiyo, hata kama jirani amepata nyengine yenye sindano nyingi zaidi kwa bei hiyo hiyo. Kabla hujalipa, peleka shati lako na nembo yako, uisubiri ishonwe mbele yako. Sindano, mikanda, bobini na nyumba yake viandikwe kwenye ankara pamoja na mashine.

Dhahabu ya mama

Tusisahau fedha hizi zinatoka wapi. Kwenye nyumba zetu mtaji wa kijana mara nyingi ni bangili za mama, au kiwanja cha Fuoni kilichokuwa kijengwe chumba cha dada. Biashara ikifeli, aliyefilisika si kampuni. Ni mama aliyekaa mikono mitupu kwenye harusi ya jirani, na dada aliyebaki kupanga.

Ndiyo maana naona heri mafundi charahani watatu au wanne wanunue mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akaja na mashati yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Upatu tumeuzoea, tunaaminiana kwa fedha; kwa nini tusiaminiane kwa mashine? Ila iwe kwa maandishi: nani anaitunza, nani analipa sindano, zamu ya nani msimu wa skuli Januari.

Kwa wanaokimbia riba, njia ya murabaha ipo. Benki ya Watu wa Zanzibar inayo huduma yake ya Kiislamu, Ikhlas. Benki hununua chombo, ikakuuzia kwa faida inayojulikana, ukalipa kidogo kidogo. Njia hii ina hekima kwa mashine, maana fedha haipiti mkononi mwako ikageuka karamu. Ipo pia mikopo inayopitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA. Lakini mkopo wowote, hata usio na riba, unataka mashati ya kuulipa.

Wagawe oda

Narudi kwa wenye uwezo. Picha ya kiongozi akikabidhi charahani kwa kikundi cha kinamama tumeiona mara nyingi. Makofi, khutba fupi, kila mtu akaenda zake. Baada ya mwaka mmoja, nani huenda kuuliza charahani ile imeshona nini? Sasa mtindo huo unahamia kwenye mashine za darizi na printa, ambazo ni ghali zaidi na huharibika upesi zaidi zikikaa bure.

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Mmoja katika kumi akinunua fulana moja iliyopigwa chapa hapa, hizo ni fulana 70,000 kwa mwaka. Hizo ni ajira za vijana wengi wa Ng'ambo bila mfadhili hata mmoja. Inahitaji picha mpya, zenye asili yetu, si zile zile kila duka. Neno "Hakuna Matata" lenyewe Disney walilisajili Marekani mwaka 2003 kama alama yao ya biashara kwenye fulana, kwa hiyo anayeota kuuza huko alikwepe. Nembo za klabu za Ulaya nazo zina wenyewe. Kijana achore chake, na akisajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki, ili duka la pili lisimwibie.

Serikali ina mashirika, skuli, hospitali na vikosi, vyote vinavaa nembo. Hoteli kubwa zinanunua sare kila mwaka. Nawaomba wasimamizi wa manunuzi walio serikalini na wenye hoteli: oda yenu ijayo ya sare ikateni vipande, kipande kimoja kipeni kikundi cha Unguja, kwa mkataba wa maandishi, kwa sampuli iliyokaguliwa, na mlipe kwa wakati. Kikundi chenye mkataba wa mashati 500 mkononi kitajua chenyewe kinunue mashine gani, na benki itakisikiliza. Na wewe kijana uliyekwisha kuzungumza bei na muuzaji wa Guangzhou, usitume amana wiki hii. Chukua shati moja lililodariziwa vizuri, zunguka nalo kwenye skuli, hoteli na timu za mtaani kwako, uandike kwenye daftari nani anataka, mangapi, lini, na kwa bei gani.